Hadithi iliyowagawa mashabiki wa Dream Theater

JANUARI 29, mwaka 2016, bendi ya Dream Theater ya nchini Marekani ilitoa albamu iitwayo The Astonishing, yenye diski mbili, nyimbo 34 na urefu wa takribani dakika 130. Nyimbo zote hizo, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, zinasimulia hadithi moja.

Haikuchukua muda mashabiki wa bendi hiyo wakagawanyika. Wako walioipokea albamu hiyo kama kilele cha kazi ya miaka 30, na wako walioisikiliza mara moja, wakaiweka kando na kusema kwamba bendi waliyoipenda imepotea njia. Miaka imepita, bendi imetoa albamu nyingine, hata safu ya wanamuziki wake imebadilika, lakini mabishano hayo hayajakwisha.

Kinachoshangaza ni kwamba bendi hiyo hiyo ilikwishafanya jambo kama hilo mwaka 1999, ilipotoa Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory. Hiyo nayo ni albamu ya hadithi moja, na hadi leo mashabiki wengi huitaja miongoni mwa kazi bora kuliko zote za muziki wa aina yake.

Bendi ni ile ile, mtindo ni ule ule, na wasikilizaji kwa kiasi kikubwa ni wale wale. Kwa nini basi hadithi moja iliwaunganisha na nyingine ikawagawa?

Jibu la swali hilo linagusa jambo pana kuliko bendi moja. Linahusu mapatano yasiyoandikwa kati ya msanii anayetaka kusimulia kwa muziki, na msikilizaji anayempa fedha, muda na masikio yake.

MUZIKI WENYEWE

Dream Theater ilianzishwa mwaka 1985 na vijana watatu waliokuwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston: mpiga gitaa John Petrucci, mpiga gitaa la besi John Myung na mpiga ngoma Mike Portnoy. Mwimbaji wao wa miaka mingi, James LaBrie, ni raia wa Kanada.

Muziki wanaoupiga huitwa metali ya progresivu. Ni mchanganyiko wa vitu viwili: uzito na kishindo cha magitaa ya metali, pamoja na tungo ndefu zenye kubadilika-badilika ambazo bendi za roki za Uingereza, kama Yes, Genesis na King Crimson, zilizieneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Wimbo wa aina hii unaweza kufika dakika 10, 15 au hata 20. Mapigo hubadilika katikati, mahadhi yaliyosikika mwanzoni hurudi mwishoni yakiwa yamevaa sura nyingine, na kila mpiga ala hupewa nafasi ya kuonyesha ustadi wake. Msikilizaji wake hukaa, akasikiliza, akarudia, kisha akabishana na wenzake juu ya alichokisikia.

Albamu inayosimulia hadithi moja nayo si jambo jipya. The Who walitoa Tommy mwaka 1969, Pink Floyd wakatoa The Wall mwaka 1979, na kwa upande wa metali, Queensrÿche walitoa Operation: Mindcrime mwaka 1988. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaonyesha vijana wengi wa wakati huo kwamba magitaa mazito yanaweza kubeba kisa chenye wahusika, njama na mauti.

Kwa msomaji wa Kiswahili, wazo la kusimulia kisa kirefu kwa sauti ya kuimba halina ugeni. Utenzi hufanya hivyo kwa mamia ya beti. Hata hivyo, ipo tofauti moja kubwa. Katika utenzi, neno ndilo bwana na mahadhi ni mtumishi wake. Mahadhi hayo hayo hubeba ubeti wa kwanza na wa mwisho, na hakuna anayelalamika. Katika metali ya progresivu msikilizaji huja kwanza kwa ajili ya muziki. Hadithi hukaribishwa kama mgeni wa heshima, lakini mwenye nyumba ni muziki.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mabishano yote yanayofuata.

ALBAMU ILIYOOMBWA NA WASIKILIZAJI

Mwaka 1992, Dream Theater walitoa albamu ya Images and Words, iliyowapatia jina. Ndani yake mlikuwa na wimbo ulioitwa Metropolis, ukiwa na maneno "Sehemu ya Kwanza" katika jina lake. Bendi yenyewe ilikuja kueleza kwamba maneno hayo yaliwekwa kwa mzaha, bila nia yoyote ya kuandika sehemu ya pili.

Mashabiki hawakuuchukulia kama mzaha. Kwa miaka kadhaa waliendelea kuuliza: sehemu ya pili iko wapi?

Katikati ya miaka ya 1990 bendi iliitika. Ilitayarisha rekodi ya majaribio ya zaidi ya dakika 20, ikikusudia kuitia katika albamu yake iliyofuata. Lakini kampuni ya kurekodi haikutaka albamu ya diski mbili. Ilitaka nyimbo fupi zinazoweza kupigwa redioni, na hata akaletwa mtunzi maarufu wa nyimbo za kibiashara, Desmond Child, kusaidia kuuandika upya wimbo mmoja. Albamu iliyotoka mwaka 1997, Falling into Infinity, haikuwa na sehemu ya pili.

Mashabiki wengi waliiona albamu hiyo kuwa imepunguzwa makali. Ndani ya bendi hali haikuwa nzuri zaidi. Portnoy alifikia kutishia kuondoka iwapo kampuni isingeacha kuingilia utunzi wao.

Kampuni ilikubali kuwaachia. Hivyo mwaka 1999 Dream Theater waliingia studio wakijua kwamba wakishindwa, hapatakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Walikuwa na mpiga kinanda mpya, Jordan Rudess, na deni la miaka saba kwa wasikilizaji wao.

Hilo ni jambo la kwanza la kuzingatia. Scenes from a Memory ilizaliwa ikiwa tayari ina watu wanaoingoja. Hadithi yake ilikuwa jibu la swali ambalo mashabiki wenyewe walikuwa wameliuliza.

FUMBO LA MAUAJI

Kisa cha albamu hiyo kinamhusu kijana aitwaye Nicholas, ambaye kila usiku huota juu ya msichana asiyemfahamu. Anakwenda kwa tabibu anayemlaza usingizi maalumu na kumrudisha katika kumbukumbu zilizofichika. Huko anatambua kwamba msichana huyo, Victoria, aliuawa mwaka 1928, na kwamba yeye Nicholas ni Victoria aliyezaliwa upya.

Gazeti la wakati huo liliandika kwamba Victoria aliuawa na mpenzi wake, Julian, ambaye naye alijiua papo hapo, na kwamba alikuwapo shahidi. Kadiri nyimbo zinavyosonga, ukweli hujitokeza kidogo kidogo: shahidi huyo, Edward, ni ndugu yake Julian, alikuwa na uhusiano wa siri na Victoria, na ndiye aliyewaua wote wawili.

Albamu ina nyimbo 12 katika dakika 77. Inamalizika Nicholas akiwa amerejea nyumbani, tabibu anamfuata, na ghafla husikika mkwaruzo wa santuri. Nini kimetokea? Wasikilizaji walibishana sana. Baadaye bendi ilithibitisha kile ambacho wengi walikwishakikisia: tabibu ni Edward aliyezaliwa upya, na amekuja kumaliza alichokianza mwaka 1928. Albamu iliyofuata, ya mwaka 2002, ilianza kwa mkwaruzo huo huo, na mashabiki wakafurahi kuutambua.

Si kwamba wote waliikubali. Wapo wanaosema kwamba maneno ya nyimbo ni mepesi kuliko muziki unaoyabeba. Wapo wanaokerwa na LaBrie kuimba maneno ya Victoria kwa sauti ile ile anayoimbia ya Nicholas. Wapo pia wanaouona wimbo usio na maneno, The Dance of Eternity, ambao hubadilisha mapigo zaidi ya mara 100 katika dakika sita na ushei, kuwa ni maonyesho ya vidole tu. Na wako wanaokiona kisa chenyewe kuwa kinafanana mno na filamu ya Dead Again ya mwaka 1991, ambayo nayo ina mauaji ya zamani, tabibu na watu waliozaliwa upya.

Hata hivyo, wengi wa wanaolalamika hivyo huendelea kuisikiliza. Sababu wanayoitoa hurudia jambo moja: hata asiyefuata hadithi hupata albamu iliyokamilika. Wimbo wa Home, unaokaribia dakika 13, unasimama peke yake. The Spirit Carries On huimbwa na umati mzima katika maonyesho, hata na watu wasiojua Nicholas ni nani. Mahadhi yanayosikika katika wimbo wa pili hurudi tena na tena, na kila yanaporudi msikilizaji makini huhisi kwamba amepewa kidokezo.

Kwa maneno mengine, fumbo limo ndani ya muziki. Anayetaka kulifumbua hulifumbua, na asiyetaka hakosi kitu.

DOLA YA MWAKA 2285

Miaka 17 baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Portnoy alikuwa ameondoka mwaka 2010 na nafasi yake kuchukuliwa na Mike Mangini. Mwelekeo wa bendi sasa ulikuwa mikononi mwa Petrucci, na ndiye aliyetunga hadithi yote ya The Astonishing na maneno yake, huku akiandika muziki pamoja na Rudess.

Hadithi hiyo inatokea mwaka 2285, katika nchi iliyokuwa Marekani, ambayo sasa imerudi katika utawala wa kifalme. Watu wanafanya kazi bila kupumzika na hawana tena nafasi ya kupiga muziki. Badala yao, mashine zinazoruka angani, ziitwazo Nomacs, ndizo zinazotoa sauti, nazo hazitoi ila kelele za kielektroniki.

Katika kijiji cha Ravenskill anatokea kijana Gabriel, mwenye kipawa cha kuimba na kupiga ala. Mfalme Nafaryus anakwenda kumwona, na binti yake, Faythe, anampenda kijana huyo. Kaka yake Gabriel, Arhys, ni kamanda wa waasi. Mwana wa mfalme, Daryus, anamtaka Arhys achague kati ya mwanawe na ndugu yake. Yanafuata usaliti, kifo, majuto na, mwishowe, wimbo unaoleta amani na kuzizima mashine.

Kazi iliyofanywa ilikuwa kubwa. David Campbell, mpangaji muziki anayeheshimika, aliandaa sehemu za okestra na kwaya. LaBrie aliimba kwa niaba ya wahusika wote. Kabla ya albamu kutoka, mashabiki walialikwa kuchagua upande: wa dola au wa waasi.

Kibiashara, ilianza vizuri. Iliingia katika nafasi ya 11 kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard nchini Marekani, wakati ile ya mwaka 1999 haikupanda zaidi ya nafasi ya 73. Lakini chati huhesabu wanunuzi wa wiki. Haiwezi kuonyesha ni wangapi watakaoirudia albamu hiyo baada ya mwaka.

MALALAMIKO MANNE

Malalamiko ya wasioipenda The Astonishing yanaweza kukusanywa katika mafungu manne.

La kwanza ni urefu. Saa mbili na dakika 10 ni muda wa filamu nzima, lakini filamu humpa mtazamaji picha za kufuata. Hapa msikilizaji anatakiwa kushika kitabu cha maneno na kukumbuka nani ni ndugu ya nani. Anayesikiliza akiwa safarini au kazini hupotea mapema.

La pili ni muundo. Ingawa albamu ni ndefu, nyimbo zake ni fupi. Ukigawa dakika 130 kwa nyimbo 34, kila wimbo hupata wastani wa chini ya dakika nne. Ile ya mwaka 1999 hupata zaidi ya dakika sita. Wimbo mrefu kuliko wote katika The Astonishing haufiki dakika nane. Kwa msikilizaji aliyezoea tungo zinazokua na kuzunguka kwa robo saa, hilo lilikuwa kama kualikwa karamu na kuletewa vitafunwa tu.

La tatu ni uzito. Nyimbo nyingi ni za taratibu, zenye piano na nyuzi za okestra. Walalamikaji husema gitaa la besi la Myung na ngoma za Mangini zimewekwa nyuma, na kwamba wanamuziki waliosifika kwa ustadi wao wamegeuzwa kuwa wasindikizaji wa mwimbaji.

La nne ni hadithi yenyewe. Kijana mnyonge mwenye kipawa, binti mfalme, baba mkali na uasi ni mambo yaliyokwishasimuliwa mara nyingi. Wengine walikumbusha kwamba bendi ya Rush ya Kanada ilikwishaimba juu ya jamii ya baadaye isiyojua muziki katika albamu yake ya 2112, ya mwaka 1976. Wengine walitaja tamthilia ya We Will Rock You, iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 2002 kwa nyimbo za Queen, kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar. Nayo inahusu dunia ambamo muziki wa kompyuta umechukua nafasi ya ala.

Lipo pia suala la sauti moja kuwabeba wahusika wote. Mtambaji wa ngano hufanya hivyo kila siku: hubadilisha sauti akawa sungura, akawa fisi, na watoto hawachanganyikiwi. Wasioridhika husema LaBrie hakubadilika vya kutosha, na huuliza kwa nini hawakualikwa waimbaji wengine. Hutoa mfano wa The Human Equation, albamu ya mwaka 2004 ya mradi wa Ayreon wa Mholanzi Arjen Lucassen, ambamo kila mhusika ana mwimbaji wake, na ambamo LaBrie mwenyewe aliimba nafasi kuu.

WANAOITETEA

Upande wa pili una hoja zake, nazo si dhaifu.

Watetezi husema albamu hiyo ilihukumiwa kwa kipimo kisichokuwa chake. Haikukusudiwa kuwa mkusanyiko wa nyimbo za metali, bali tamthilia ya muziki. Katika tamthilia, wimbo mfupi wa kuunganisha tukio na tukio ni jambo la lazima, na wimbo wa taratibu ndio mahali mhusika anapofungua moyo wake.

Husema pia kwamba wengi waliotoa hukumu waliitoa baada ya kusikiliza mara moja, au nusu. Kwa maoni yao, mahadhi ya kila mhusika hutambulika baada ya kusikiliza mara tatu au nne, na hapo ndipo mambo yaliyoonekana kurudiwa huanza kuwa na maana. Kuhusu LaBrie, wanaiona kazi hiyo kuwa mojawapo ya bora zaidi alizowahi kufanya, kwa mwimbaji aliyekuwa amevuka miaka 50.

Aidha, hutaja nyimbo ambazo hata wapinzani huzikubali, kama vile A New Beginning, yenye gitaa refu la Petrucci, na Moment of Betrayal, ambayo ina uzito unaodaiwa kukosekana kwingineko.

Hoja yao ya mwisho ni ya ujasiri. Bendi iliyokwishatimiza miaka 30 ingeweza kurudia ilichokizoea na kupigiwa makofi. Badala yake ilichagua kufanya jambo ambalo lingeweza kuwakimbiza wateja wake. Je, mashabiki wa muziki unaojiita wa kusonga mbele wana haki ya kulalamika msanii anaposonga?

Hoja hiyo ilipata majaribio makali katika maonyesho. Februari 2016, bendi ilianza ziara katika ukumbi wa London Palladium, ikipiga albamu yote kutoka mwanzo hadi mwisho, bila wimbo wa zamani hata mmoja. Wapenzi wa hadithi walipata usiku wasiousahau. Waliokuja wakitarajia nyimbo walizokua nazo waliketi kwa zaidi ya saa mbili wakisubiri kitu ambacho hakikuja.

MAPATANO YALIYOVUNJIKA

Ukilinganisha maoni ya pande zote, inaonekana kwamba mgogoro haukuhusu ubora wa kisa. Kisa cha mwaka 1999 nacho, kikisimuliwa bila muziki, ni hadithi ya kawaida ya mapenzi, wivu na mauaji. Tofauti iko katika nani anayeongoza.

Katika Scenes from a Memory, hadithi iliandikwa ili muziki upate pa kwenda. Bendi ilipotaka dakika sita za vurugu za ala, hadithi ilizipisha. Katika The Astonishing muziki uliandikwa ili hadithi ifike mwisho. Tukio lilipohitaji dakika mbili za utulivu, muziki ulitulia, hata kama msikilizaji alikuwa akingoja kishindo.

Njia zote mbili ni halali. Lakini ya kwanza humruhusu msikilizaji kuingia kwa mlango wowote, na ya pili ina mlango mmoja tu. Anayekataa hadithi ya Gabriel hana mahali pengine pa kuingilia.

Ipo pia tofauti ya matarajio. Mwaka 1999 wasikilizaji walipewa walichokiomba, baada ya kampuni ya kurekodi kuwanyima. Mwaka 2016 walipewa kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Zawadi ya namna hiyo inaweza kuwa bora zaidi, lakini mpokeaji huhitaji muda mrefu zaidi kuikubali.

Bendi yenyewe inaelekea ilisikia. Mwaka 2017 ilizunguka ikisherehekea miaka 25 ya Images and Words. Mwaka 2019 ilitoa Distance Over Time, albamu isiyofika dakika 60, nzito, iliyotungwa na wanamuziki wote wakiwa pamoja chini ya paa moja. Kisha ikasherehekea miaka 20 ya Scenes from a Memory kwa kuipiga yote jukwaani, ikiwamo London mwezi Februari 2020.

Portnoy alirejea Oktoba 2023, na albamu ya kwanza baada ya kurudi kwake, Parasomnia, ilitoka Februari 2025. Nyimbo zake zinaunganishwa na mada moja, matatizo ya usingizi, lakini haina orodha ya wahusika wala falme. Bendi ilichagua uzi wa kuunganisha nyimbo badala ya mnyororo wa kuzifunga.

MASHINE ZIMEFIKA

Hata hivyo, hukumu ya wasikilizaji si jiwe. Mwaka 2016, sehemu ya The Astonishing iliyochekwa zaidi ilikuwa Nomacs. Vipande vitano vifupi vya kelele zao, vilivyotawanywa kati ya nyimbo, viliitwa upotevu wa muda, na wazo la mashine kuchukua kazi ya mwanamuziki likaonekana kuwa la kitoto.

Miaka minane tu baadaye, programu za akili mnemba kama Suno na Udio zilikuwa zikitengeneza wimbo kamili, wenye ala na sauti ya kuimba, kutokana na sentensi chache alizoandika mtu yeyote. Juni 2024, kampuni kubwa za muziki za Universal, Sony na Warner zilizifungulia kesi kampuni za programu hizo nchini Marekani, zikidai kwamba zilitumia rekodi zao kuzifundisha mashine bila idhini.

Kwa hiyo swali ambalo Petrucci aliliweka katika mwaka 2285 limewafikia wasikilizaji mapema mno. Tena limekuja na tofauti moja ambayo hadithi yake haikuiona: Nomacs walitoa kelele ambazo hakuna angezipenda, lakini mashine za leo hutoa nyimbo ambazo wengi huzipenda bila kujua zimetoka wapi.

Hilo halifanyi nyimbo 34 kuwa fupi, wala halirudishi besi ya Myung mbele. Anayeona albamu hiyo kuwa ndefu kupita kiasi ana haki ya kuendelea kuiona hivyo. Lakini linawapa baadhi ya walioiweka kando sababu ya kuitoa kabatini na kuisikiliza upya, wakiwa na masikio yaliyobadilishwa na wakati.

Nao wanaporudi, hukutana na jambo ambalo pande zote mbili za mabishano hukubaliana nalo. Albamu hiyo, pamoja na kasoro zake, ni kazi ya watu watano, okestra na kwaya, waliotumia miezi mingi kuwaomba wageni saa mbili za maisha yao. Wengine walikubali, wengine walikataa, na wote walijali kiasi cha kubishana kwa miaka. Kwa muziki uliotungwa na mkono wa binadamu, kubishaniwa hivyo si hasara.